Magunia Dirishani

Boksi ni la viatu, namba arobaini na mbili,
viatu ambavyo baba alivitunzia Krismasi
na Krismasi ikamkosa.
Lenzi ni ya miwani ya bibi Ndeshukurwa.
"Chukua jicho moja," alisema,
"Zaburi nazijua kwa kichwa."
Simu ni yangu. Kioo kina ufa
unaoshuka toka kona ya juu kama Mto Rau.
Kadi ya kumbukumbu niliinunua Moshi mjini,
kwa kijana aliyenijazia masomo bure
aliposikia ni ya shule,
kisha akanidai mia tano ya bahasha.

Jumla: elfu kumi na mbili na mia tano.
Nimeiandika nyuma ya daftari la mahudhurio
endapo mtu atauliza.

Darasa la Sita, Uru, watoto themanini na tisa.
Vitabu vya sayansi kumi na kimoja;
vitatu kati yake, panya
wameshahitimu sura ya moyo.

Mara ya kwanza hatukuona kitu.
Mwanga wa simu uligonga ukuta
ukawa maziwa yaliyomwagika na kupanguswa.
"Mwalimu, ni nini hicho?"
Nikasema ni moyo. Wakacheka, na walikuwa na haki.

Ndipo Aikande alipotimka kwao
akarudi na magunia manne ya kahawa,
yaliyolala darini tangu babu yake
ang'oe mibuni apande parachichi.
Tukayapigilia madirishani kwa misumari ya kuokota.
Harufu ya mavuno ya zamani ikajaa chumba,
na giza likaketi nasi, watano kwa dawati.

Moyo ukadunda ukutani.
Mkubwa kuliko ubao,
umepasuliwa na ufa wa simu yangu,
lakini unadunda.

Nilijiandaa kwa makelele. Nikapata kimya,
halafu sauti toka nyuma, sijui ya nani:
"Tukilala, nani anauendesha?"
Nyingine: "Wa mbuzi uko hivihivi?"
"Uko hivihivi," ikajibu ya tatu kabla yangu,
"niliushika ukiwa bado wa moto."

Miaka kumi na saba nafundisha.
Namjua anyooshaye kidole kabla swali halijaisha,
namjua ajifichaye nyuma ya shingo ya mwenzake.
Mchana kila kosa lina uso,
na kila uso una wa kuucheka.
Sasa nyuso zilikuwa zimeondoka,
yamebaki maswali, yakitembea yenyewe.

Likaja moja, jembamba,
kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia
ila ikiitikia "nipo":
"Mwalimu, wa mama hospitali walisema ni mkubwa.
Mkubwa kama huo?"

Nilikuwa nimelishika boksi.
Mkono wangu ukatetemeka,
na ukutani moyo ukatetemeka nao.
"Hapana," nikasema. "Ulikuwa sawa na ngumi yake.
Ukafanya kazi nyingi, ukachoka, ukatanuka."
"Ngumi yake ilikuwa ndogo," ikasema sauti.
Sikuuliza ni nani. Hakuna aliyeuliza.

Kisha chaji ikaisha.
(Nguzo za umeme zimefika hadi langoni;
waya bado uko njiani, mwaka wa pili sasa.)
Ukuta ukarudi kuwa ukuta.
Nikapapasa kwenda dirishani niondoe gunia.
"Acha kwanza, mwalimu."
"Bado tunauliza."
Kengele ya saa sita ikalia, ile ya rimu ya gari,
ikalia tena.

Mwezi wa saba alikuja mdhibiti ubora wa shule,
mtu mwema, kaunda suti imenyooka.
Akalitazama boksi, akachungulia tundu la lenzi,
akanipa mkono.
Kuhusu madirisha alishauri
darasa lipate mwanga wa kutosha.
Kwenye fomu yake palikuwa na mstari:
Idadi ya vifaa vya kujifunzia.
Akaandika kimoja.

Nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki
na maneno yangu mdomoni:
Andika vitano, mkubwa.
Hesabu na magunia.