Slaidi ya Saba

Usiku ule zilikuwa thelathini na moja.
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kompyuta na projekta vya kuazima juu ya meza ya cherehani,
feni ikigombea risiti za singa
nilizozibana kwa mkasi.

Nilianzia mbali, historia ya mkonge.
Nikaweka ramani, nikaweka bendera,
nikaweka duara lililokatwa kama chungwa la Muheza,
kila kipande na rangi yake,
hakuna hata kimoja chenye utamu.
Maneno niliyafanya yaingie yakizunguka
mfano wa kishada kilichokatika uzi.
Nikajiona msomi.

Ami Shekuwe, ambaye sikio lake moja
lilibaki Hale, kwenye kelele za korona,
nilimkalisha mlangoni, mwisho wa chumba.
Ami, leo wewe ndiye benki.
Akavaa miwani. Akakaa kibenki.
Nikasema dakika arobaini.
Alipiga miayo mara mbili, akaomba radhi mara moja, kisha:

“Yale maandishi madogo, mwanangu,
nilidhani sisimizi wamepanda ukutani.
Yale makubwa ulikuwa unanisomea.
Mimi nasoma.
Sasa hao watu, unataka wakupe nini?”

Nikafungua mdomo.
Katika slaidi thelathini na moja
sikuwa nimeomba kitu.

Nikazima mashine. Nikachana karatasi ya kaki,
nikaandika watakaokuwemo:
Bwana Mnkondo wa mikopo, anayekosa usingizi kwa marejesho.
Bi Tatu Semhando, mhasibu,
anayeanza kusoma kutoka chini, kwenye jumla.
Na meneja mgeni kutoka Mwanza,
mkonge anaujua kwa kuupita, kioo cha basi kimefungwa.
Watatu.
Nami niliandaa hotuba ya Mkwakwani nzima.

Historia ikaondoka. Iliniuma, mlikuwa na picha ya babu.
Bendera ikaondoka; wanayo ofisini.
Duara likawa sentensi:
*Katika kila matita kumi ya majani yetu,
manne hukaukia kwenye foleni ya korona ya watu.*
Herufi nyeusi, ukuta mweupe,
ukubwa wa kumfikia mtu wa mlangoni.
Nilitaka kuongeza ua pembeni, zambarau,
nikakumbuka mkeka uliojaa kila rangi
hauonyeshi rangi.

Ami alisikiliza tena. Na tena.
Alfajiri, kikombe cha mchaichai kimepoa mkononi,
akasema: “Hapo sasa. Mwanzo ulikuwa ukiongea na ukuta.”

Nilikwenda kwa baiskeli,
mafungu mawili ya singa kapuni, ndani ya kanga:
moja jeupe, moja limeoza kwa kusubiri.
Niliyaweka mezani kabla ya salamu kuisha.
Nikasema dakika kumi na moja.
Slaidi ya sita: korona moja,
milioni kumi na nane, miezi thelathini.
Slaidi ya saba, nyeupe tupu.

“Imegoma?” akauliza meneja.
Hapana, nikasema. Hii ni yenu.

Kimya.
Kimya ambacho mazoezini sikukipangia,
mikono yangu haikujua pa kukaa.
Bwana Mnkondo akatazama saa.
Bi Tatu akalivuta lile fungu jeusi, akalinusa,
akafuta vidole kwa leso.
“Na dizeli ikipanda?”

Ulimi ulikuwa na jibu zuri, refu,
limesukwa papo kwa papo, halina hesabu ndani.
Niliumeza.
Sijui, nikasema. Ijumaa nitakuletea.
Akachukua kalamu, akaandika: *Ijumaa*.
Mwandiko wake, daftari lake.

Watanipa, hawatanipa, sijaambiwa.
Leo Alhamisi.
Meza ya cherehani imejaa bei za dizeli,
slaidi ni moja,
na mlangoni kuna mzee amevaa miwani,
amekunja uso,
anazidi kuipenda kazi ya benki.