Vidato Vinne vya Juu

Lifti yetu ilikufa katikati ya Julai,
wiki ile hata paka wa Ghubra walihamia chini ya magari.
Mwenye jengo akasema kwa simu: kesho, inshallah.
Kesho ikazaa kesho.
Nimezihesabu, zilifika kumi na tisa.

Sisi ghorofa ya tano.
Mkono mmoja mifuko, mwingine katoni ya maji,
na nyuma yangu mtoto wa miaka mitano
aliyezoea kubonyeza kitufe na kufikishwa.

Kazi yangu ni mioyo.
Nawapaka watu jeli baridi kifuani,
naitelezesha mashine, tunatazama kwenye kioo:
milango midogo inafunguka, inafunga,
kama mtu anayepunga mkono kutoka mbali sana.
Nimeona mioyo ya wazee iliyochoka kwa haki yake,
imelea, imezika, imevumilia.
Hiyo sina neno nayo.
Inayonifuata hadi nyumbani ni ya watoto
waliozaliwa wazima, bila tundu, bila kasoro,
wanaoletwa kwetu kwa sababu wanahema wakifunga viatu.
Daktari humuuliza mama: huyu anacheza wapi?
Mama hutazama dirisha. Nje, nyuzi arubaini na saba.
Nami hutazama jeli.

Maana na wangu pia, Azzan wangu,
alikuwa na zulia, na kiyoyozi, na simu yangu ya zamani.
Kidole chake kimoja ndicho kilichofanya mazoezi.
Kidole kilikimbia, kiliruka magogo, kilivuka mito;
mwili uliobaki ulikaa ukikisubiri.

Siku ya kwanza alilia ghorofa ya pili.
Rafikul, mlinzi, akatuletea glasi ya maji,
akaondoka bila kusema neno, Mungu amjaalie.
Siku ya pili alilia ghorofa ya tatu.
Nikampigia mama yangu, yuko Ibra:
mtoto anateseka na ngazi.
Akacheka hadi akakohoa.
"Anateseka? Wewe kibe ulikuwa ukicheza mpaka nikuburute kuoga.
Mwache."

Siku ya nne alianza kuhesabu.
Anajua hadi ishirini; akifika hapo hurudi moja.
Ishirini ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne,
halafu karibu na mlango wetu
vikabaki vidato vinne visivyo na namba.
Akavipa majina:
Baba. Bibi. Mimi. Maji.

Siku ya kumi na moja nikasikia "Maji!" ikidondoka kutoka juu,
ikigonga kuta zote, ghorofa kwa ghorofa.
Nami nilikuwa wapi?
Ghorofa ya tatu, nimeng'ang'ania chuma,
mimi nijuaye majina ya vyumba vyote vya moyo,
wangu unanigongea kama mwenye deni lake.
Akashuka mbio. Akaweka sikio tumboni,
ndipo alipofikia,
akasikiliza kwa uso wa daktari.
"Mama, humu kuna mtu anataka kutoka."
Kisha akaushika mkono wangu, akauweka kifuani pake.
Dogo, la haraka, safi, likishuka taratibu,
pigo kwa pigo, likirudi kukaa mahali pake.
Nimepima maelfu. Hilo sikulipima.
Niliacha tu kiganja pale.

Agosti fundi akaja.
Taa ya kijani ikawaka,
Binti Ghariba wa ghorofa ya nne akapiga kigelegele.
Milango ikafunguka, ndani baridi, harufu ya grisi mpya.
Azzan akachungulia
kama mtu anayechungulia chumba cha wageni.
"Yaingie maji," akasema. "Yamechoka."

Basi nikaiweka katoni sakafuni, nikabonyeza tano,
nikatoka kabla mlango haujafunga.
Maji yakapanda peke yake kama sultani.

"Moja," akasema Azzan, mguu tayari hewani.

Ngoja, nikamwambia.
Ngoja kwanza nifunge viatu.