Chini ya Sahani

Usitazame uso. Uso wa sahani una maneno matamu,
maua ya buluu huchorwa na yeyote, mwaka wowote.
Igeuze kifudifudi, kama mtoto anayetafutwa upele,
usome mgongo.

Ndivyo Kisimba alivyonifundisha, kule Katuba,
mezani pake penye redio zilizofumuliwa
na lenzi aliyoing'oa kwenye darubini ya mpimaji wa migodi.

Umbo la almasi, herufi zimekaa pembeni kama walinzi:
hiyo ni ya kale, kabla reli haijaota njia ya kuja Lubumbashi.
Taji peke yake, usiharakishe. Taji huigwa.
Jina la nchi likisimama pweke, neno moja,
ni ushuru wa Waamerika uliowalazimisha kulitaja,
mwaka wa tisini na moja, karne ile nyingine.
Na yakiwa maneno matatu, kwamba imefanyizwa Uingereza,
basi yaelekea vita vikubwa vya kwanza vimekwisha,
waliokufa wamezikwa, tanuri zinawaka tena.

Nikaitoa ya nkambo Numbi kwenye kitenge.

Nyumbani habari yake tunaijua kama sala:
ilishuka na treni ya kwanza, mwaka wa kumi,
baba yake akapewa na mhandisi
badala ya mshahara wa miezi miwili.
Na asiigeuze mtu.
Ukiigeuza, nkambo alisema, baraka zinamwagika,
na kofi lake lilifika kabla ya sentensi kwisha.

Kisimba akaipumulia mgongoni,
akasugua kwa kidole gumba. Masizi yakatoka.
Maneno matatu.

Hakusema kitu. Alipanga bisibisi zake upya.

Basi ya kwanza ilivunjika.
Mikono yenye sabuni, sakafu ya saruji,
msichana wa miaka kumi na miwili pengine,
na baba aliyekuwa na mkanda.
Aliuza nini, kwa nani, ili apate nyingine
yenye maua karibu yale yale?
Akaiweka rafuni, akaanza kusema "treni ya kwanza",
akasema, akasema,
hadi sauti ikaacha kutetemeka.

"Dola kumi na tano," Kisimba akasema.
Nikaifunga.

Jioni umeme ulikuwa umekatika.
Tulikula bukari na sombe juu yake, kwa mshumaa,
kisha nikaiosha
upande mmoja tu.