Mizani ya Jumatatu Usiku

Barua ya jiji ilikuja mwezi wa pili, karatasi moja
yenye muhuri na pole nyingi:
mkataba umekwisha, lori la kijani halitapita tena;
chupa, makopo, maboksi, magazeti,
vyote viingie pipa moja, Jumanne, kabla ya saa moja asubuhi.
Niliisoma mara mbili nimesimama kwenye theluji,
nikajiuliza: na barua yenyewe, niitupe wapi?

Usiku ule nikaitoa mizani ya safari,
ile ya ndoana, ya kupimia mabegi
nisije nikaaibika uwanja wa ndege
kwa kufungua sanduku mbele za watu,
khanga nje, dawa za mama nje.
Nikatundika mfuko wa taka.
Kilo kumi na moja na nusu.
Watu watatu, wiki moja.
Wiki mbili tu, nikapiga hesabu,
na ungetimia mzigo wote ninaoruhusiwa kwenda nao kwetu.

Washairi wanisamehe, shairi langu halina mizani.
Mizani yangu iko jikoni, kwenye kishikio cha kabati,
inanuka vitunguu.

Nikaumwaga mfuko sakafuni, nikauchambua kama mchele wenye mawe.
Maganda ya viazi. Majani ya chai.
Nusu mkate, haujaota hata ukungu.
Plastiki ndani ya plastiki iliyokuwa ndani ya plastiki,
kama siri ya mtu mwoga.
Na tango lilikuwa limevishwa. Tango!
Lina ganda lake alilolipa Mungu,
na bado dukani wakaliona li uchi.

"Mama," akasema Sefu, miaka kumi na minne,
"kiwanda cha nyama kinafuka usiku na mchana,
wewe unapima maganda?"
Sikuwa na jibu. Sina hata leo.
Nikaandika kwenye kalenda: 11.5.

Kwetu tulisema kutupa jongoo na mti wake.
Jumanne moja nikalifuata lori kwa gari langu
hadi nje ya mji, pale penye kilima,
kilima pekee katika tambarare yote hii ya Nebraska.
Kina majani mabichi. Ndege weupe wanakizunguka.
Nikakitazama vioo vimefungwa.
Jongoo hatupwi, anahamishwa tu.

Basi mti nimeubakisha.
Maganda yanaoza kibarazani, kwenye ndoo ya rangi;
Machi yaliganda yakawa jiwe,
nikayasubiri kama jamaa aliyekwama uhamiaji.
Dengu nanunua kwa Mwethiopia, anazipima kutoka guniani
na kunimiminia kwenye mfuko wa mto niliouosha.
Anacheka. Acheke.
9. 8.2. 6.
Kisha Idi: sahani za karatasi, vijiko vya kutupa, wageni thelathini.
14. Niliandika kwa haya, lakini kwa wino.

Bi Arlene Kucera wa ghorofa ya chini
alinipandishia supu siku ya homa,
ndani ya chupa pana ya sosi ya nyanya.
Nikaiosha. Nikashindwa kuirudisha tupu; nililelewa.
Nikaijaza maharage ya nazi.
Hakujua kwamba chombo hakirudi kitupu,
au kwao pia walimwambia hivyo,
maana wiki iliyofuata ilipanda tena na jamu ya squash,
tamu ya ajabu, sijui alifikiria nini.
Tangu hapo inashuka, inapanda.
Kifuniko kimebonyea. Karatasi yake imebanduka,
imebaki nusu nyanya.
Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Tupa na tupu, nafikiri, ni ndugu waliogombana.

Jumatatu hii: kilo tatu na robo.
Sefu ndiye aliyeinua mizani, bila kuambiwa,
akasoma, akaguna, akaenda kulala.
Chupa haimo mfukoni.
Iko kwa Arlene, au ngazini, njiani,
sijui imebeba nini.