Saa Moja Zaidi

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hapa Bari,
watu walirudisha nyuma mishale ya saa
wakafurahi: wamezawadiwa usingizi.
Mimi nikahesabu kwa vidole.
Kutaisi hawagusi saa zao.
Jana tulipishana saa mbili, leo tatu.
Hakuna aliyehama, hakuna aliyenuna,
na kwetu kumesogea mbali nikiwa nimelala.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Langu nililikuta mlangoni siku ya kwanza:
beseni, glovu, orodha ya vidonge,
na Bi Filomena kitandani, akinitazama
kama mtu anayetazama mvua.

Ananiita Ludmila.
Ludmila alikuwa hapa kabla yangu; alirudi kwao,
au aliolewa, au alifariki,
kila mwanawe ananipa jibu lake.
Mwanzoni nilisahihisha: Tsiuri. Tsi-u-ri.
Akajaribu. Jina likamkwama kama mwiba wa samaki,
akakohoa mpaka nikampa maji.
Sasa akiita Ludmila, naitika abee.
Langu nalitamka jikoni, mara moja kwa siku,
juu ya sufuria inayochemka,
lisije likaota kutu.

Sikujua kwamba lugha ngeni huanzia mwilini:
goti, nyonga, kidonda, choo.
Miezi minne niliweza kuuliza, unaumwa wapi?
nisiweze kusema
ninapoumwa mimi.

Alhamisi ni siku yangu.
Tunakutana nyuma ya stesheni, wanawake wa kwetu,
kwenye gari linalopeleka mizigo.
Tunapima mapenzi kwa kilo, tunayafunga kwa gundi ya karatasi,
tunaandika majina kwa herufi zetu za mviringo
na dereva anatugombeza kwa lugha yetu.
Jamani, utamu wa kugombezwa ukaelewa kila neno!

Mwanangu Ucha ana miaka saba.
Mama alimsimamisha juu ya karatasi,
akauzungushia wayo wake penseli, akanitumia picha.
Nikanunua viatu namba moja zaidi,
kwa kuwa gari huchukua siku tano
na mguu haungoji.

Nao wakaniletea chupa ya mchuzi wa plamu mbichi
iliyoviringishwa gazeti la kwetu.
Mchuzi niliuonja kwa ncha ya kijiko, nikaufunika.
Gazeti nililila lote.
Matangazo ya vifo, ng'ombe anayeuzwa, nusu ya hotuba,
na chini kabisa, penye doa la mchuzi:
*Jumanne maji yatakatika katika mitaa ifuatayo.*
Mtaa wetu ulikuwa wa pili.

Jumanne ile ilikwisha kupita wiki tatu.
Nalijua hilo.
Nikachukua ndoo hata hivyo,
nikaijaza mpaka ukingoni, nikaiweka karibu na mlango,
katika mji ambao bomba halijawahi kuninyima.

Usiku Bi Filomena akaamka, akataka koti.
"Nipeleke nyumbani, Ludmila."
Nyumba hii aliingia akiwa bibi harusi.
Wanawe wamenifundisha kumwambia: uko nyumbani, mama, lala.
Sikumwambia.
Nilimvika koti juu ya gauni la kulalia,
nikampa mkono, tukaondoka,
polepole, ukumbi mzima, tukapita picha za marehemu wake,
tukafika mlangoni, ilipo ndoo.
Akasimama. "Maji yamekatika?"
"Ndiyo, mama. Kwetu."
Akaitikia kwa kichwa, kama jirani.
Akatumbukiza vidole, akajipangusa uso,
akageuka mwenyewe kuelekea kitandani.

Saa ya ukutani ilisema saba za usiku.
Nikaongeza tatu.
Kwetu kunakaribia kupambazuka.
Mama ataamka wa kwanza,
atapita kwa kunyata penye kitanda cha Ucha,
ajaribu bomba.