Fito za Rasiberi

Agosti inakwisha Jelgava, na shangazi Austra
ameniachia kipande cha ardhi, banda la bati lenye kutu,
mkasi wa kupogolea, na jirani.

Jirani ndiye Dzidra. Huamka kabla ya umande.
Husimama upande wake wa wigo, kikombe mkononi,
akinitazama kama mtu atazamaye kuku wa mwenzake
wakiparua.

"Viazi havingoji mtu," asema.
Nafukua kwa jembe uma. Kimoja nakichoma katikati,
kingine, cha tatu; vizima navianika kivulini,
jua lisivigeuze kijani.
Udongoni nimekuta kijiko cha chai, cheusi.
Nimekitia mfukoni.

Vitunguu navisuka shingo zao kavu,
vibaya, msusi wa siku ya kwanza.
Mplamu tawi limeelemewa; nguzo sina,
nalitegemeza kwa ubao wa kutelezea thelujini
ambao pacha wake haupo.
Dalia nazikata vichwa vilivyonyauka.
Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoielewa mara moja:
ua likinyimwa mbegu
hujaribu tena.

Jumanne nikaingia kwenye rasiberi.
Nilikuwa nimeambiwa: kata zilizozaa, acha zisizozaa.
Nikaona fito za kahawia, ngumu, zimebambuka magome,
na nyingine kijani, zina vinyweleo kama shavu la mvulana.
Nikasema moyoni, hizi changa zimekula tu,
hazijatoa hata punje.
Nikazikata. Safu mbili nzima.
Nikafurahi palivyokuwa safi.

Dzidra akaja wigoni. Akanyamaza
muda wa birika kuchemka.
"Umeua walio hai," akasema,
"ukawafunga maiti kwa kamba wasimame."

Kumbe ufito huzaa mwaka wa pili, kisha hufa.
Mwaka wa kwanza hukua tu,
haulizwi kitu.

Husemwa majuto ni mjukuu.
Wangu atakuja Julai, ameshika bakuli tupu.

Nikakata na zile kuukuu, ningefanyaje,
nikazisukuma kwa toroli hadi kwenye rundo la kuchomwa.
Pale viazi vilipotoka nikamwaga mbegu za haradali,
ardhi isilale uchi.
Nikaokota matufaha yaliyoanguka, nyigu wakiwa bado mezani.

Jumamosi lango likalia.
Dzidra hajawahi kupita langoni, miaka kumi na tisa,
tangu alipogombana na shangazi
juu ya pipa la maji ya mvua.
Akanishika mkono hadi upande wake,
nyuma ya banda la kuni,
akanionyesha machipukizi kumi na moja
yaliyofungwa uzi mwekundu wa sufu, kila moja.

"Oktoba, majani yakishadondoka, tutayang'oa.
Si zawadi. Ni yake.
Mizizi ilitambaa chini ya wigo mwaka ule ule wa pipa.
Sikuomba, hakunipa.
Nimekula tu."

Sikuwa na neno.
Nikatoa kijiko mfukoni, nikampa,
nikidhani huenda, labda.
Akakisugua kwa aproni, akakigeuza juani.
Si chake.

"Matufaha," akasema, "yataoza ukisimama hapo."