Samani

Aliingia na begi refu kama la mpiga gitaa,
akaketi juu ya kitanda nisichokimaliza,
akauliza kama mimi ndiye Wabwile wa viti.
Ndiye.
Hapa Bondeni, nyuma ya kinu cha posho,
hata mbwa wananijua kwa vumbi langu.

Akafungua zipu. Nikarudi nyuma hadi kwenye jiliwa.
"Tazama cheti kwanza, halafu tazama hapa.
Tupu. Tia kidole."
Sikutia. Akatia chake, mara mbili,
kama mama anayeonja uji kabla ya mtoto.

Daktari wa ng'ombe, Tapkigen, wa kutoka Njoro.
Jumamosi hulenga shabaha na klabu yao,
karatasi, alisema, karatasi na vibati tu.
Bunduki yenyewe hujipakia: ukifyatua moja
nyingine imeshapanga foleni.
Lakini kitako chake ni plastiki nyeusi
kilichopimiwa mwanamume wa sijui wapi,
mwenye shingo ya twiga na mikono ya kuchumia mapapai.
Bega lake limevimba. Shavu halifiki.
"Nataka samani mpya," akasema.

Nikacheka. Samani niijuayo mimi
ni kabati, meza, sofa la mahari.
"Mbao za bunduki nazo huitwa hivyo,
na wanaozitengeneza."
Basi hata kifo kina sebule yake, nikawaza,
ila sikusema; mteja ni mteja,
na kodi ya kibanda ni tarehe tano.

Nilikuwa na ubao wa mvule.
Niliununua Januari ile mji ulipofuka moshi,
nikagonga majeneza siku kumi na moja,
mengine mafupi kama droo.
Ulibaki huo mmoja. Miaka yote umelala juu ya kenchi,
nikipita chini yake kama mtu anayekwepa mdai.
Sijui kwa nini mkono ulikwenda huko huko.

Nilimpima kwa kamba: kutoka kunjo la kiwiko
hadi kidole cha shahada. Inchi kumi na mbili na robo.
"Fumba macho, pandisha begani, fumbua."
Jicho likatua ukutani,
juu kidogo ya kalenda ya kanisa.
Nikaandika: punguza urefu, inua shavu.

Siku nne. Chuma hakikulala kwangu hata usiku mmoja.
Kila jioni alikuja akinuka dawa ya kupe,
akafungua skrubu mbili, akakaa akilinda chake,
nami nikaupaka ulimi wa chuma masizi ya koroboi,
nikausukuma ndani ya mbao, nikautoa.
Palipoingia weusi ndipo panapobishana.
Patasi. Unyoya mmoja wa mbao.
Tena masizi. Tena.
Mara thelathini, labda arobaini,
mpaka weusi ukaenea sawasawa
kama maelezo ya mashahidi waliokwisha kuelewana.

Kisha msasa, mafuta ya kitani, kiganja.
Mvule ukatoa rangi ya chai iliyokolea.
Akapandisha, na bega likanyamaza.
"Hapa," akasema. "Hapa hapa."
Mafuta yalimeta kwenye shavu lake
na nikatamani kumwambia ubao ule ulikusudiwa nini.
Nikasema: usiuanike juani.

Jumatatu akaniletea karatasi ya shabaha.
Matundu sita, yote yangefunikwa na kizibo cha soda.
Alidhani nitaitundika.
Nimeikunja mara nne
nikaichomeka chini ya mguu wa meza ya kazi,
ule uliokuwa ukicheza tangu Januari ile.
Meza imetulia.
Kidogo.